Nilijua, nikanyamaza. Sasa nirudi wodini au niende famasi ya baba mdogo?

Mama wa safu, salamu nyingi kutoka bwenini.

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa tatu wa shahada ya famasia. Kwetu ni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baba alikuwa askari, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani, tumelelewa nacho tangu kambini. Alipostaafu hali ilibana, na baba mdogo, ambaye ana famasi mbili Kampala, akauchukua mzigo wa karo yangu tangu nilipoingia kidato cha tano. Hajawahi kuchelewesha hata muhula mmoja. Namheshimu sana.

Muhula ujao tunatakiwa kuchagua somo moja la hiari, na mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kwa wiki 6. Masomo yaliyopo ni biashara ya famasi, utengenezaji wa dawa kiwandani, na famakokinetiki, ile ya kukokotoa dozi kwa kufuata figo, uzito na umri wa mgonjwa. Mahali ni famasi ya mtaani, kiwandani au wodini. Baba mdogo ameshaamua: nichukue biashara, na wiki 6 nizifanye dukani kwake. Yeye si mfamasia. Anamlipa mfamasia wa kusimamia leseni, na kila mwezi analalamika kwamba zile ni pesa ambazo zingebaki ndani ya ukoo. Anasema, "Ukimaliza, kiti chako kipo tayari."

Zamani ningekataa, maana wodi niliipenda. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.

Mwaka huu tulipelekwa hospitali moja kwa wiki 3. Siku ya pili, mwanafunzi mwenzetu alimuuliza daktari bingwa swali kuhusu antibiotiki. Daktari akamjibu mbele ya wote, "Wewe rudi dirishani ukahesabu vidonge." Watu walicheka. Tangu siku hiyo sisi wa famasia tulitembea nyuma kabisa ya raundi, ule msafara wa daktari kupita kitanda kwa kitanda, tumekumbatia madaftari.

Wiki iliyofuata alilazwa baba mmoja, kitanda cha 9. Alikuwa akitumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa miaka miwili, kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri ndani yake. Akakutwa na TB, akaanzishiwa dawa za TB siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimesoma jedwali la muingiliano wa dawa usiku uliopita. Nilijua kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huipunguza dolutegraviri, na mgonjwa huongezewa miligramu 50 jioni. Niliangalia chati yake: dozi ya jioni haikuandikwa. Raundi ikasimama pale, nikafungua mdomo, nikamtazama daktari, nikaufunga. Raundi ikasonga mbele.

Zilipita siku nne kabla mfamasia wa wodi hajarudi kutoka likizo, akaliona, akasahihisha kwa dakika mbili. Hakuna aliyejua kwamba mimi nilikuwa nimeliona. Yule baba alikuwa akiniita "musawo", yaani daktari, kila asubuhi na kuniuliza nimelalaje. Nikimkumbuka nashindwa kusoma.

Kwa hiyo sasa nafikiri baba mdogo ana haki. Pengine mimi ni mtu wa dukani. Dukani hakuna raundi, hakuna wa kunicheka, na nitakuwa nimemlipa fadhila mtu aliyenisomesha. Nisaidie, Mama. Fomu ya kuchagua inafungwa mwisho wa mwezi.

Binti wa Arua

*

Binti yangu,

Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Nimefanya kazi ya famasia zaidi ya miaka ishirini, nyingi kati ya hizo wodini, na ninakumbuka vitanda vyangu mwenyewe ambavyo nilipita nikanyamaza. Nitaanza na kitanda chako cha 9, maana mengine yote yanatoka hapo.

Ulichokijua kilikuwa sahihi. Rifampisini huviamsha vimeng'enya vya ini, navyo huivunja dolutegraviri upesi kuliko kawaida, hadi kiasi kinachobaki kwenye damu hakitoshi kukibana kirusi kwa saa 24. Ndiyo sababu ya ile miligramu 50 ya pili, saa 12 baada ya ya kwanza. Sasa nikupe jambo ambalo pengine jedwali lako halikueleza: kuamka huko hakutokei siku moja. Huchukua siku kadhaa, na nguvu yake kamili hufika baada ya wiki moja hadi mbili hivi. Siku nne za mwanzo, dozi ikiwa imesahihishwa, si sawa na miezi minne. Hukumuua mtu.

Sikuambii hivyo ili ulale usahau. Kesho inaweza kuwa jentamisini, antibiotiki ya sindano, kwa bibi mwenye figo zilizochoka, nayo haisubiri wiki. Huharibu figo, huharibu masikio, na masikio hayo hayarudi. Au mtoto wa kilo 18 mwenye malaria kali anayeandikiwa artesuneti kwa hesabu ya mtu mzima, miligramu 2.4 kwa kilo, wakati watoto walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo. Hiyo ni tofauti ya miligramu 43 na 54. Kwenye bomba la sindano huwezi kuiona kwa macho. Huonekana tu kwa mtu aliyekaa na kalamu akapiga hesabu. Katika wodi yenye wagonjwa 40 na daktari mmoja asiyelala tangu jana, mtu huyo ni wewe.

Sasa uchaguzi wako. Nakuomba uchague famakokinetiki, na wiki 6 uzifanye wodini.

Umeandika kwamba dukani hakuna raundi. Ni kweli. Lakini hesabu miezi yako. Ukihitimu utapangiwa mwaka mzima wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa, na hospitali inakungoja kwenye mwaka huo. Bila mwaka huo hakuna usajili, na bila usajili huwezi kukikalia hicho kiti cha baba mdogo, kwa maana sheria inataka famasi isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa. Hofu unayoikimbia leo utaikuta mlangoni baada ya muda si mrefu, na siku hiyo hutakuwa mwanafunzi anayetembea nyuma ya raundi. Simu italia saa nane usiku, muuguzi atauliza kama dawa hii inaweza kuchanganywa kwenye dripu ile, naye atafanya utakalomjibu. Afadhali ukutane na hofu hiyo sasa, ungali na mkufunzi pembeni.

Halafu fikiria nani anaweza kukufundisha nini. Biashara ya famasi, mwalimu wako ni baba mdogo mwenyewe. Mtu aliyeendesha maduka mawili Kampala, anayejua bei ya soko la jumla la Kikuubo inavyopanda na kushuka, anayejua dawa gani hukaa rafuni hadi tarehe ikaisha, huyo anaweza kukufundisha likizo moja mambo ambayo somo la darasani halitayafikia. Na atakufundisha bure, kwa furaha. Lakini nani mwingine atakufundisha kukokotoa dozi ya mgonjwa ambaye figo zake zinafanya kazi robo? Nafasi hiyo hupewi mara mbili. Somo la hiari lichukue lile ambalo ukiliacha leo hutalipata mahali pengine.

Kiwanda sikidharau. Pale Luzira, Kampala, zinatengenezwa ARV na dawa za malaria zinazomezwa na watu wetu, na wafamasia wanaosimamia ubora pale wanaokoa watu wengi kuliko mimi. Ila wewe hukuniuliza kuhusu kiwanda, wala moyo wako haupo huko.

Na tafadhali usiseme "mtu wa dukani" kana kwamba ni adhabu. Famasi ya mtaani ndiyo hospitali ya kwanza ya Waganda wengi. Huyo mama anayekuja saa mbili usiku na mtoto mwenye homa mgongoni hana nauli ya kwenda kwingine. Mfamasia aliyewahi kusimama wodini humtazama mtoto yule kwa jicho lingine, anajua degedege linavyoanza, anajua lini aache kuuza na aseme, "Mama, panda boda sasa hivi uende hospitali." Mwenzake ambaye hajawahi kumwona mgonjwa kitandani atauza dawa ya maji na kurudisha chenji. Ukitaka kumfaa baba mdogo kweli, mpelekee duka lake mfamasia wa namna ya kwanza.

Nirudi kwa yule daktari. Alikosea, na alimkosea mwenzako pamoja na wagonjwa wote wa wodi ile, kwa sababu aliwafunga midomo watu waliokuwa na jicho la ziada. Huko nyuma kazi yetu kweli ilikuwa dirishani. Walimu walionifundisha mimi walifundishwa kuchanganya na kuhesabu, na waliijua kazi hiyo hasa. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Charles Hepler na Linda Strand, waliandika hoja iliyoigeuza taaluma: kwamba mfamasia anawajibika kwa kile dawa inachomfanyia mgonjwa, na jukumu lake haliishi kidonge kinapotoka mkononi mwake. Madaktari wengi wa leo wamesoma na wafamasia, wanalijua hilo. Wachache hawajui. Huwezi kuchagua utakutana na yupi, lakini unaweza kuchagua namna ya kusema.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ulipoumia.

Raundi kubwa ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa mwanafunzi kusahihishia dozi. Daktari bingwa yuko mbele ya watu kumi na tano, anafundisha, anaharakisha. Neno lako hata likiwa la dhahabu linamfikia kama changamoto. Wenye uzoefu hufanya kazi yao kabla. Fika wodini saa moja asubuhi, wauguzi wakikabidhiana zamu. Wasalimie, wasaidie kupima uzito, kwa maana utakuta chati nyingi sehemu ya uzito iko wazi, na bila uzito hakuna dozi ya mtoto, wala hesabu ya figo haifanyiki. Pitia chati tano, si arobaini. Ukiona jambo, mtafute daktari kijana anayeandika dawa, yule aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo, umwambie kwa sauti ya chini, pembeni:

"Daktari, baba wa kitanda cha 9 ameanza dawa za TB jana. Rifampisini itaishusha dolutegraviri yake. Mwongozo unasema aongezewe miligramu 50 jioni. Nimekuja na ukurasa, tuuangalie pamoja?"

Umemtaja mgonjwa, umetaja hatari, umetaja unachopendekeza, umeshika ushahidi mkononi. Hukusema "umekosea". Kijana yule atakushukuru, kwa sababu umemwokoa asiulizwe mbele ya bosi wake. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukianzia kwenye mazungumzo ya namna hii.

Akikataa bila sababu, usibishane. Mpelekee mfamasia wa wodi au mkufunzi wako siku hiyohiyo. Na akiwa likizoni, kama ilivyokuwa kwako, nenda famasi kuu ya hospitali umtafute yeyote aliye zamu. Wewe ni mwanafunzi, huna mamlaka ya kubadilisha dawa, lakini ya kupeleka habari unayo. Hili ndilo ningependa ungelifanya zile siku nne, na wiki zako 6 zitakuzoeza kulifanya bila kutetemeka. Ikitokea sindano tayari iko mkononi mwa muuguzi na wewe umeona hatari, hapo adabu zote ziweke kando: "Sista, tusubiri kidogo tafadhali, niulize jambo moja." Dakika tano za kusubiri zikigeuka kuwa za bure, utaomba radhi na maisha yataendelea.

Kuna jambo jingine uliloliandika kwa kupita tu, nami nikalisimamia. Kiswahili. Unakiona kama habari za nyumbani, lakini wodini ni chombo cha kazi. Huko kwenu West Nile utakutana na mama aliyevuka kutoka Kongo ambaye Kilugbara hajui na Kiingereza hajui, anajua Kiswahili. Utakutana na dereva wa lori, utakutana na askari wa rika la baba yako. Kaa nao. Waulize dawa wanazotumia nyumbani, waombe wamwage mfuko wote mezani, waulize na mitishamba bila kukunja uso, maana ukikunja uso watakuficha.

Na ujifunze jinsi maneno yanavyoweza kudhuru. Dawa ya malaria ya vidonge, ile ya artemeta na lumefantrini, mtu mzima humeza vidonge 4, dozi ya pili baada ya muda wa saa 8, kisha mara mbili kwa siku kwa siku mbili zaidi, jumla 24. Niliwahi kumwambia mzee mmoja, "Meza tena baada ya saa nane." Alimeza dozi ya kwanza saa mbili asubuhi, akangoja saa nane ya mchana ipite, akameza saa nane na dakika chache. Alinisikiliza vizuri sana. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Tangu siku hiyo nasema, "Ukimeza saa mbili asubuhi, meza tena saa kumi jioni, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo." Sikuwahi kulisoma hilo darasani, na hakuna mwalimu asiyejua saa za Kiswahili ambaye angeweza kunifundisha.

Kuhusu mahali, usikimbilie jina kubwa kwa sababu ya jina. Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa pale Kampala, ina wagonjwa wa kila aina, lakini pia ina wanafunzi wengi wanaogombea kitanda kimoja. Hospitali ya rufaa ya mkoa, hata hiyo ya kwenu Arua, inaweza kukupa nafasi ya kusogea karibu zaidi, na utalala nyumbani bila kulipa hosteli. Kabla hujaandika jina lolote kwenye fomu, piga simu uulize swali moja tu: "Mfamasia wenu huingia wodini saa ngapi?" Wakikutajia saa, nenda. Wakisita, tafuta kwingine, kwa sababu wiki 6 bila mtu wa kumfuata utaishia kupanga maboksi stoo.

Umebaki mtihani wa baba mdogo, na huu sitaki uufanye peke yako. Mtu aliyekulipia karo hapelekewi "nimekataa" kwa ujumbe wa simu. Kwanza zungumza na baba yako. Kama una shangazi ambaye baba mdogo humsikiliza, mweleze naye aende mbele yako. Kisha nenda Kampala mwenyewe, ukae naye, umshukuru kwa kumtajia, muhula kwa muhula, alichokufanyia. Halafu mweleze kwa lugha ya biashara, maana ndiyo anayoipenda: kwamba kiti chake hakiwezi kukaliwa kabla hujasajiliwa, kwa hiyo wiki hizi 6 hazimcheleweshi hata siku moja, kwamba likizo inayofuata utasimama dukani kwake tangu kufungua hadi kufunga, na kwamba unataka akufundishe yeye mwenyewe hesabu za duka. Timiza hilo la mwisho. Usiliseme kwa kumtuliza tu.

Anaweza kukasirika wiki moja. Mtu asiyechelewesha karo muhula hata mmoja hakusomeshi kwa sababu ya mshahara wa mfamasia mmoja tu, anataka kukuona umekuwa mtu. Sina hakika atakubali siku ya kwanza, ila nina hakika atakusikiliza.

Kabla hujajaza fomu, nina kazi moja kwako. Mpigie yule mfamasia wa wodi aliyesahihisha chati. Mwambie ukweli, kwamba uliona ukanyamaza. Nadhani atakueleza na yeye kitanda chake. Kisha muulize kama baba wa kitanda cha 9 aliporuhusiwa alipewa dolutegraviri ya jioni ya kutosha, na kama aliambiwa asiiache siku dawa za TB zinapokwisha. Matibabu ya TB ni miezi 6, na dozi ile ya ziada huendelea wiki mbili baada ya rifampisini kusimama, kwa kuwa ini halitulii siku hiyohiyo. Wagonjwa wengi huiacha mapema kwa kudhani imeisha pamoja na nyingine. Kama hakuna aliyemwambia, namba yake ya simu imo kwenye faili. Mwombe mfamasia ampigie, nawe uwe pembeni. Atakapouliza kwa Kiswahili, mjibu wewe.

Mama wa safu